Umepewa ndama, mama yake hayupo, unaanzaje na chupa?

Simu yangu inajaa maswali yaleyale. "Dada nimeletewa ndama ana siku tatu, nimpe maziwa ya pakiti?" "Mama yake kafa usiku, nifanyeje?" "Jana kanywa lita sita zote kwa furaha, leo anaharisha maji matupu, shida nini?" Nimechoka kujibu mmojammoja ndo maana nimekaa leo naandika yote sehemu moja, ukimaliza kusoma na bado una swali basi hilo ni swali jipya na nitalijibu kwa raha.

Mimi nafuga Kibamba, ng'ombe wachache wa ndani, sio mfugaji mkubwa na sio daktari wa mifugo. Ndama wangu wa kwanza wa chupa nilimuua. Nasema nilimuua maana sioni neno jingine. Nyumba nzima tulimpenda, watoto wakitoka shule wanamnyonyesha, dada wa nyumbani akimsikia analia anamwongezea, afu mimi nikirudi kazini saa 2 usiku foleni ya Kimara imenimaliza namwonea huruma nampa nyingine. Siku ya tano akaanza kuharisha, siku ya saba tukamzika nyuma ya migomba. Hakuna aliyemnyima, wote tulimpa. Kwa hiyo ukiona huko chini nimekuwa mkali kwenye vipimo na saa ujue natokea wapi.

Kabla hujasema ndiyo

Piga hesabu ya maziwa kwanza. Ndama wa Friesian anazaliwa na kilo 35 mpaka 40 hivi, chotara wengi 25 mpaka 32, wa kienyeji anaweza asifike hata 22. Kwa siku anahitaji maziwa kama asilimia 10 ya uzito wake, kwa hiyo wa kilo 40 ni lita 4. Wiki mbili za kwanza lita 4 kila siku ni lita 56, wiki sita zinazofuata lita 5 ni lita 210, wiki mbili za kumpunguza lita 2 ni 28. Jumla lita 294, sema 300. Zidisha kwa bei ya maziwa ya mtaani kwako ndo utajua kama huyo ndama "wa bure" ni wa bure kweli.

Pili pita ofisi ya serikali ya mtaa. Manispaa zina sheria ndogo za kufuga mjini, na kwa hapa Dar ng'ombe anatakiwa afungiwe ndani, sio kuzurura barabarani. Kama unamtoa mbali, tuseme Chanika unampeleka Goba, kuna kibali cha kusafirisha mifugo, afisa mifugo wa kata atakuelekeza. Usimpakie kwenye kirikuu usiku ukitegemea bahati.

Na kama unanunua, muulize muuzaji maswali mawili: alikunywa dang'a (maziwa ya kwanza ya mama yake)? Na je, ni pacha? Ndama jike aliyezaliwa pacha na dume mara nyingi sana hazai maisha yake yote, wenyewe wanajua ndo maana wanauza bei poa. Kama unataka wa maziwa huyo muache.

Uwe na vitu hivi siku anapofika, sio kesho yake

- Chupa mbili za plastiki ngumu za lita 2 na chuchu za ndama, zipo maduka ya dawa za mifugo. Chuchu ya mtoto wa binadamu usitumie, ataing'ata ataimeza.
- Kipimajoto cha kupima njia ya haja kubwa, kiwe cha kwake peke yake tafadhali
- Ayodini ya asilimia 7
- ORS pakiti kumi, zilezile za duka la dawa za watu
- Brashi ndefu ya kuoshea chupa na sabuni
- Maranda makavu viroba viwili vitatu, fundi seremala yeyote anayo, ila yawe ya mbao isiyopigwa dawa
- Ndoo mbili ndogo, ya maji na ya chakula
- Futi ya fundi cherehani
- Namba ya mtaalamu wa mifugo ambaye umeshaongea naye na anapokea simu usiku. Hii usiichukulie poa, ndama anaanza kuumwa saa 1 jioni, saa 11 alfajiri hayupo.

Hatua zenyewe

1. Dang'a kwanza, mengine baadaye.

Ndama anazaliwa hana kinga yoyote mwilini, kinga yote inakuja kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya njano. Utumbo wake unaruhusu hiyo kinga ipite kwenda kwenye damu kwa muda mfupi tu, saa zinavyoenda mlango unafungwa na ikifika saa 24 umeshafungwa. Kwa hiyo ndani ya saa mbili baada ya kuzaliwa aanze kunywa, na ndani ya saa sita awe amefikisha kama asilimia 10 ya uzito, wa kilo 30 ni lita 3. Ukimpa mbili kwanza akapumzika, ukamalizia moja, sawa.

Mama amekufa? Kamulie, kama amekufa sasa hivi tu na kiwele ni kizima inawezekana kupata, ila kama alikuwa anaumwa muulize mtaalamu kwanza. Haikutoka, pigia wafugaji wenzio, Kibamba, Mbezi, Bunju, Kigamboni hakukosi mtu ng'ombe wake kazaa juzi. Wenye akili wanagandisha dang'a kwenye friza, inakaa hata mwaka. Kuyeyusha unaweka chupa kwenye maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto wa kuunguza mkono, na USICHEMSHE. Dang'a ikichemka kinga imekufa, na inaganda kama uji kabisa.

Kuna wanaosema mpe mayai mabichi badala yake. Yai ni chakula, halina kinga ya ng'ombe ndani yake. Umenunua ndama wa siku nne na hujui kama alikunywa? Huwezi kurudisha saa, chukulia kwamba hakunywa na kwenye usafi uwe mkali mara mbili.

2. Kitovu.

Chovya kitovu chote kwenye ayodini, tumia kikombe kidogo, kupaka na pamba juujuu hakutoshi. Asubuhi na jioni siku mbili tatu mpaka kikauke. Kitovu ni mlango wazi, uchafu ukipita hapo unaenda mpaka kwenye maungio ya miguu, unakuta ndama wa wiki mbili magoti yamevimba na watu wanasema kateguka.

3. Mahali pa kulala.

Mita 1.2 kwa 1.8 inamtosha kwa kuanzia. Pakavu, penye kivuli na hewa inayopita juu ya mgongo wake, sio upepo unaompiga usoni akiwa amelala. Watu wa Dar tunakosea sana hapa, tunaogopa baridi ambayo hatuna, tunamzibia turubai pande zote, ndani joto, mkojo unanuka mpaka macho yanawasha, afu tunashangaa anakohoa. Bati likiwa chini sana Januari na Februari hapo ndani ni oveni. Nyanyua.

Ukiweza tengeneza sakafu ya mbao iliyoinuka futi moja toka chini yenye nafasi ndogo mkojo upite, masika hutajuta, hasa mitaa ya mfinyanzi ambako maji yanasimama siku tatu. Juu yake maranda. Kipimo changu: piga magoti kwenye maranda na kitenge chako, ukiinuka kitenge kimelowa, badilisha.

Mmoja kwa banda. Ukiwaweka wawili wananyonyana masikio na vitovu.

4. Kumnyonyesha.

Hapa ndo kwenye kazi yote.

Maziwa ya ng'ombe fresh ndo mwisho wa ubishi. Kama humjui ng'ombe aliyekamuliwa, chemsha kwanza afu poza, kuna magonjwa kama ya kutupa mimba na kifua kikuu yanapita kwenye maziwa mabichi. (Dang'a peke yake ndo haichemshwi, narudia maana kuna mtu atachanganya.) Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa kiwele au aliye kwenye dozi ya sindano usimpe. Maziwa ya unga ya ndama yakipatikana ni mazuri, fuata vipimo vya kwenye mfuko, usikadirie kwa mkono. Ila yale ya unga ya dukani ya chai, yaliyoandikwa mafuta ya mimea, hapana. Na usiongeze maji kwenye maziwa ili "yatoshe", ndama anashiba maji anakonda huku tumbo limejaa.

Joto liwe nyuzi 38 mpaka 39, joto la mwili wa ng'ombe. Dondoshea kwenye kifundo cha mkono kwa ndani, usikie uvuguvugu tu. Kubwa kuliko namba yenyewe ni kwamba leo na kesho liwe lilelile.

Saa pia. Mimi ni saa 12 asubuhi na saa 11 jioni, nusu kwa nusu. Ndama mdogo sana au dhaifu gawa mara tatu, kiasi cha siku kikiwa kilekile. Mtu mmoja ndo awe mnyonyeshaji, na pale bandani weka kipande cha karatasi, aliyempa anaandika saa na kiasi. Kwangu hiyo karatasi ilianza baada ya yale mazishi ya kwenye migomba.

Mara ya kwanza atakukatalia, hajui chupa ni nini. Mrudishe kinyumenyume kwenye kona, simama umembana katikati ya magoti yako, mpe kidole anyonye. Kidole kikiwa mdomoni ingiza chuchu pembeni yake halafu toa kidole taratibu. Ikishindikana mguse juu ya mkia, karibu na mkundu, pale mama zao wanapolamba, utashangaa anavyoanza kunyonya. Usipaniki, pumzika dakika kumi urudie.

Mkao: asimame, shingo imenyooka mbele, chupa iwe usawa wa mabega yake au juu kidogo, kama vile ananyonya kwa mama. Akinyonya hivyo kuna kamfereji kooni kanajifunga na maziwa yanapita pembeni mpaka tumbo la nne yanakotakiwa kwenda. Akigugumia chini ovyo yanaweza kuangukia kwenye tumbo kubwa yakachacha.

USIMINYE CHUPA. Wala usimnyanyue kichwa kama anaangalia ndege. Wala usitanue tundu la chuchu kwa kisu eti umechelewa kazini. Maziwa yakishuka haraka kuliko anavyomeza yanaingia kwenye mapafu, na nimonia ya maziwa ni mbaya sana. Geuza chupa: maziwa yadondoke tone tone, yakichuruzika tundu ni kubwa, tupa nunua nyingine.

Akimaliza ataendelea kukusukuma kwa kichwa na kukulilia. Hiyo sio njaa! Ndama kazaliwa na hamu ya kunyonya zaidi ya tumbo lake. Dakika kumi hiyo hamu inapita.

5. Chupa ioshwe kila mara, sio kila siku.

Suuza kwanza kwa maji ya vuguvugu (ukianza na ya moto sana maziwa yanashikana kwenye plastiki), ndo sasa maji ya moto na sabuni na brashi, chuchu igeuze nje ndani. Suuza, pindua ikauke kabisa. Chupa mbili nilizosema ni kwa ajili hii, moja inakauka nyingine inatumika. Kwa joto la hapa maziwa yaliyobaki kwenye shingo ya chupa tangu asubuhi, jioni ni sumu. Osha na mikono yako, kabla na baada, watoto pia.

6. Maji.

Eti maziwa si ni maji? Hapana ndugu yangu. Kuanzia siku ya tatu nne weka ndoo ya maji safi muda wote, sio ya moto sio ya friji. Maji ndo yanaingia tumbo kubwa na kulikuza, maziwa hayapiti huko. Usiweke dakika hiyohiyo aliyomaliza chupa, subiri hata nusu saa hiyo hamu ipungue, asije akayagugumia.

7. Chakula kikavu kianze wiki ya kwanza.

Kiganja kimoja tu cha chakula cha ndama kwenye ndoo, kila siku kipya, kilichobaki mpe ng'ombe mkubwa. Mpakaze kidogo mdomoni akimaliza maziwa. Atachezea tu mpaka wiki ya pili hivi, usikate tamaa. Ukichanganya mwenyewe tumia pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na madini ya mifugo, ila vipimo akupe mtaalamu. Mashudu ya pamba yana sumu ambayo ndama mdogo haiwezi, na chakula cha kuku kiache kwa kuku.

Majani laini makavu kidogo kidogo kuanzia wiki ya pili. Majani ya tembo (mabingobingo) ya wale jamaa wanaouza kwa baiskeli yanakuja yana umande au yamelowekwa yaonekane fresh, yaanike yanyauke kwanza. Wiki ya tatu utamwona kalala anacheua, siku hiyo nilipiga picha nikaweka status.

8. Kupe, minyoo, chanjo, pembe.

Napita haraka maana hapa mwenye neno ni mtaalamu wako. Kupe ndo adui, ndigana kali, ugonjwa wanaoleta wao, inaua ndama ndani ya siku chache, na majani ya kukata yanaleta kupe hata kama hujawahi kumtoa nje. Mkague masikio, chini ya mkia na mapajani kila siku. Dawa ya kuogesha soma kipimo cha ndama, sio cha ng'ombe. Uliza chanjo ya ndigana, chambavu na mapele ngozi. Minyoo kwenye miezi miwili mitatu, na hapo ndo utaona kazi ya ile futi, unampima kifua nyuma ya miguu ya mbele kupata uzito wa dozi. Pembe zichomwe kabla ya miezi miwili, kwa ganzi, na anayejua.

9. Kumwachisha.

Usiangalie kalenda peke yake, angalia ndoo. Akila kilo 1 ya chakula kikavu kwa siku, siku tatu mfululizo, yuko tayari, wengi inakuwa wiki ya 8 mpaka ya 10, wengine 12. Toa chupa ya jioni kwanza, wiki nzima, afu punguza ya asubuhi mpaka iishe. Usimwachishe wiki aliyochanjwa, aliyochomwa pembe au aliyohamishwa banda.

Mambo yakiharibika

*Anaharisha.* Hii ndo ya kwanza kwa kuua. Kinachoua sana ni ukavu, maji na chumvi vinamtoka. Pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, mpe lita 2 mara mbili au tatu kwa siku katikati ya maziwa, mdogo wa kilo 20 na kitu mpe nusu ya hapo. Usichanganye na maziwa kwenye chupa moja, pisha saa mbili tatu. Maziwa usiyakate, zamani walikuwa wanasema kata, lakini hiyo ni kumshindisha njaa mgonjwa. Vuta ngozi ya shingo uachie: ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde mbili, au macho yameingia ndani, mdomo wa baridi, hawezi kusimama, hapo ORS imepitwa na wakati, anahitaji dripu SASA. Na usikimbilie sindano za antibayotiki za kukisia, kuharisha kwingi kwa ndama hakutibiki hivyo.

*Kinyesi kina damu, ana wiki tatu na kuendelea.* Inaweza kuwa koksidia, vijidudu vya utumboni. Beba kinyesi kwenye kichupa umpelekee mtaalamu, hamisha maranda yote.

*Anakohoa, anapumua haraka.* Pima joto. Kawaida ni 38.5 mpaka 39.5, mchana wa jua kali linapanda kidogo kwa hiyo rudia kivulini. Likibaki juu, piga simu. Tezi chini ya sikio zimevimba na joto liko juu, sema neno "ndigana" kwenye simu ili aje haraka.

*Tumbo limejaa upande wa kushoto baada ya maziwa.* Mkao wa chupa, maziwa ya baridi, au anakunywa haraka mno. Mtembeze, rekebisha. Likiwa gumu kama ngoma usisubiri.

*Amekataa chupa ghafla.* Ndama mzima hakatai. Pima joto kabla hujabadilisha maziwa.

*Ana mabaka ya duara usoni, na mtoto wako naye kayapata mkononi.* Ni mashilingi, yanaambukiza watu. Mnatibiwa wote, kila mtu kwa daktari wake.

*Anakula mchanga, kamba, mifuko.* Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019 lakini vifungashio bado vimejaa kwenye mitaro na kwenye majani ya kununua. Chambua majani, weka jiwe la chumvi, na angalia kama anapata majani ya kutosha.

*Analia kila akikuona.* Huyu haumwi. Amekuzoea, wewe ndo mama sasa, akisikia geti tu anaanza. Mpe maji, mkune chini ya kidevu, soma karatasi. Kama imeandikwa saa 12 asubuhi lita 2, rudi ndani ukapike, saa 11 bado.